Mchanganyiko Mdogo, Swali Kubwa: Sayansi ya Kuchezea Katika Chekechea Msimu wa Mavuno

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa elimu ya awali mbele ya walimu, wazazi na wanakamati wa vituo vya chekechea. Tunayachapisha kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze kuhusu michezo ya kuchanganya vitu: unga na maji, udongo na maji, rangi na sabuni. Walimu wengi wa PP1 na PP2 wameanza kuitumia, na watoto wanaipenda. Lakini kabla sijataja kipimo chochote, nianze na lalamiko, kwa sababu ni la haki.

Mzazi anakuja kumchukua mtoto saa sita. Anamkuta ana unga kwenye nywele, kwenye sweta na nyuma ya masikio. Anauliza, "Mwalimu, nyumbani uji tunakoroga kwa kipimo, na hapa unga unachezewa?" Mzazi huyo si mkorofi, wala hapingi elimu. Anajua bei ya pakiti ya unga, na anajua mwezi ambao ghala hubaki na vumbi. Mwalimu asimjibu kwa kumwambia kwamba huu ndio mtaala mpya. Amjibu kwa kumwonyesha mambo matatu: kwamba kilichotumika ni kidogo, kwamba ni safi, na kwamba mtoto ametoka hapo na kitu kichwani. Mkutano wetu wa leo ni wa kutafuta namna ya kutoa jibu hilo.

Tukumbushane pia kwa nini jambo hili linatuhusu sisi kama kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliweka elimu ya awali mikononi mwa serikali za kaunti. Mtoto wa miaka minne anayeingia PP1 na wa mitano aliye PP2 ni wetu. Akiumia darasani, swali litakuja kwetu, na akijifunza vizuri, sifa ni ya kijiji kizima.

Kwa nini kuchanganya?

Mtoto wa umri huu hujifunza kwa milango yote ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, alijenga njia yake ya kufundisha juu ya msingi huo, kwamba mkono ndio unaoanza na maneno hufuata. Nyanya zetu hawakuhitaji kuambiwa hayo. Msichana aliyekaa jikoni akikoroga uji alijua mapema kwamba unga ukitiwa kwenye maji yanayochemka bila kukorogwa hufanya madonge. Hiyo ni sayansi. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza, "Unadhani ni kwa nini?"

Mengi ya mapishi haya ya kuchezea yametoka kwa walimu wa Uingereza na Marekani. Huko, kati ya Septemba na Novemba, baridi inaanza, majani ya miti yanageuka manjano na mekundu, kisha yanaanguka. Maboga na matofaa yamevunwa. Kwa hiyo mwalimu wa huko hutia mdalasini kwenye unga wa kufinyanga, hukoroga nyuzi za boga ndani ya beseni, na huwapa watoto majani makavu wayavunjevunje. Wapo wanaouita msimu huo vuli kwa Kiswahili, lakini sisi tukisema vuli tunamaanisha mvua fupi. Kwa hiyo hatuna sababu ya kununua majani ya plastiki ya rangi ya machungwa ili kupamba darasa.

Tazameni shamba letu katika miezi hiyo hiyo. Mahindi yanakauka, mabua yanakatwa na kusimamishwa, na maboga yaliyotambaa chini ya mahindi yameiva. Kuna maganda, kuna magunzi, kuna mbegu. Mwalimu wa kule ametumia msimu wake. Nasi tutumie wetu.

Michanganyiko mitano ya kuanzia

Wa kwanza haugharimu chakula chochote, na ningependa kila kituo kianzie hapo. Ni udongo na maji. Chukueni chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Tieni udongo hadi robo, ongezeni maji karibu mpaka juu, fungeni kifuniko vizuri, na watoto watikise kwa zamu. Kisha iwekeni dirishani na msiiguse. Mchanga utatua kwanza, karibu hapo hapo. Udongo laini utafuata polepole. Chembe za mfinyanzi zitabaki zikielea, na maji yanaweza kuwa na ukungu hata kesho yake. Vipande vya majani na mizizi vitaelea juu. Mtoto ataona kwamba kile alichokiita "udongo" ni vitu vingi vilivyokaa pamoja. Letini udongo wa shamba la mahindi katika chupa moja na wa mtoni katika nyingine, mlinganishe. Udongo huo uchimbwe mbali na choo na mbali na boma la mifugo.

Wa pili ni unga wa kufinyanga, lakini uliopikwa. Nasisitiza neno hilo. Unga wa ngano mbichi haujaua vijidudu, hata ukiwa kwenye pakiti safi. Mwaka 2016 huko Marekani watu katika majimbo mengi waliugua kutokana na bakteria waliokuwa ndani ya unga, na mamlaka za afya zikawaonya wazazi wasiwape watoto donge bichi la kuchezea. Kipimo ni hiki: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vikombe viwili vya maji na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Mtu mzima akoroge vyote kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka donge liache kushika sufuria, kisha lipoe na likandwe. Mkitaka rangi ya mavuno, sehemu ya maji iwe maji ya boga lililopondwa, au tieni kijiko kidogo cha manjano. Mkitaka harufu, mdalasini kidogo unatosha.

Vikombe viwili vya unga ni kama chapati saba au nane. Simwambii mtu kwamba hizo si kitu. Ila donge hilo likihifadhiwa kwenye mkebe unaofungwa vizuri hutumika kwa wiki kadhaa, na darasa zima hulishiriki kwa zamu. Chumvi ndiyo inayolihifadhi, na chumvi hiyo hiyo ndiyo sababu mtoto hatakiwi kulila. Likichakaa, msiwatupie kuku wala mbwa, kwa kuwa chumvi nyingi huwadhuru wao pia.

Wa tatu ndio unaowashangaza hata watu wazima. Ni wanga na maji. Unga wa ugali haufai hapa, kwa sababu ni mahindi yaliyosagwa na mambo yake mengine yote. Unatakiwa wanga mtupu, ule mweupe unaolia ukiuminya kwenye pakiti. Na hata huo si lazima mnunue. Chukueni viazi vichache, visivyo vya kijani wala vilivyochipua. Mtu mzima avimenye na kuvikwaruza, avioshe kwenye maji, achuje kwa kitambaa, kisha aache maji hayo yatulie kwa dakika 15 au 20. Mimineni maji ya juu polepole. Chini mtakuta tabaka jeupe zito. Huo ndio wanga. Kilo moja ya viazi itawapa vijiko vichache tu, lakini kuutoa kwenyewe ni somo. Vile viazi vilivyokwaruzwa visitupwe. Vikikaangwa mara moja vinalika.

Vipimo viwili vya wanga mkavu kwa kipimo kimoja cha maji vinatosha, mkirekebisha kidogo kidogo. Mtoto akiuchovya mkono polepole, unazama kama kwenye uji. Akiupiga ngumi, unagonga kama ukuta. Akiuviringisha haraka unakuwa donge, na akiacha kuuviringisha unayeyuka na kupita kati ya vidole. Mwalimu, usikimbilie kueleza. Watoto wakishauliza, na wataliza swali hilo wenyewe, jibu ni hili: chembe za wanga zimejazana ndani ya maji. Ukienda polepole, zinapishana. Ukizisukuma ghafla, hazipati nafasi ya kupishana, zinabanana. Ni kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja. Wakitoka taratibu wote wanapita, na wakisukumana wanakwama.

Wa nne ni manjano, sabuni na ndimu. Kila mama aliyefua shati lenye doa la mchuzi analijua jambo hili. Doa lilikuwa la njano, sabuni ya mche ikaligusa, likawa jekundu kama damu ya mzee. Changanyeni manjano kidogo na maji, pakeni kwenye karatasi nyeupe au kitambaa cheupe, na muache kikauke. Watoto wachore kwa kidole kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, na mchoro mwekundu utatokea. Kisha watone ndimu juu yake, na njano itarudi. Manjano hubadilika rangi ikikutana na vitu vya aina ya sabuni na magadi, na ndimu, kwa kuwa ni asidi, huirudisha. Onyo moja tu: manjano haitoki kwenye sare kwa urahisi. Wavisheni watoto shati kuukuu juu ya sare, na amani itakuwepo nyumbani.

Wa tano ni boga. Likatwe na mtu mzima. Watoto waingize mikono ndani, washike nyuzi zinazoteleza, watoe mbegu, wazioshe, wazipange kwa makumi na kuzianika. Hapo pana Shughuli za Hisabati na za Mazingira kwa pamoja. Nyama ya boga iende kwenye sufuria ya uji wa saa nne. Ganda libaki kama bakuli. Tieni ndani yake vijiko viwili vya soda ya kuokea, kisha mtoto amimine siki kidogo. Povu litapanda na kufurika. Ni gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka, ile ile inayofanya soda ya chupa itoe mapovu. Muulizeni mtoto: tukimimina siki tena, povu litatoka tena? Na kwa nini baadaye linakoma?

Swali ndilo linalofanya mchezo kuwa somo

Darasa linaweza kuwa na michanganyiko yote hiyo na lisifundishe lolote. Mtoto akipewa unga aushike tu, atachafuka na kufurahi, basi. Akiulizwa swali kabla hajaushika, akili inaanza kazi.

Nawaomba walimu washike maswali matatu. Kabla: "Unadhani kitatokea nini?" Wakati wa mchezo: "Unaona nini, unasikia nini mkononi?" Baadaye: "Je, ilikuwa vile ulivyosema?" Mtoto aliyesema chumvi itaelea, kisha akaona imezama na kupotea ndani ya maji, hajakosea. Amejaribu. Mwalimu asimcheke na asiwaruhusu wenzake wamcheke. Amwambie, "Haya, sasa tumejua. Tujaribu na mchanga."

Hapo ndipo maneno nayo yanapozaliwa. Laini, kavu, chepechepe, nzito, inanata, inateleza, inakwaruza. Mtoto akilisema neno kwa lugha ya mama, lipokeeni, kisha mpeni la Kiswahili karibu yake. Mtoto asiyeona anaweza kuongoza kikundi katika michezo hii, kwa kuwa vidole vyake vina habari nyingi. Na mtoto anayechukia kushika vitu vinavyonata, asilazimishwe. Mpeni kijiko, au mchanganyiko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, auminye kutoka nje. Siku moja atashika mwenyewe.

Wala si lazima watoto 40 wachafuke kwa wakati mmoja. Wekeni meza moja ya kuchanganya na karai moja. Watoto watano au sita wakae hapo pamoja na mwalimu au mzazi wa kusaidia, wengine wafanye shughuli nyingine, kisha wabadilishane. Kwa njia hiyo bakuli moja linatosha darasa zima, na mzazi aliyelalamika ataona kwa macho yake kwamba kilichotumika ni kidogo.

Mahindi yaliyooza si ya kuchezea

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja leo. Tunapotafuta kupunguza gharama, wazo la haraka huwa ni hili: "Tusitumie unga mzuri. Tutumie ule ulioharibika, yale mahindi yenye ukungu ambayo hata hivyo tungeyatupa." Linasikika kuwa wazo la busara, lakini ni la hatari.

Mahindi yaliyopata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali, na mara nyingine haionekani kwa macho. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa nchi yetu, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Walikuwa watu waliokula chakula chao wenyewe, walichovuna wenyewe.

Mtoto wa miaka minne hula anachokichezea. Hata ukimwambia mara kumi, kidole kitafika mdomoni, na vumbi la unga atalivuta kwa pua. Kwa hiyo kanuni yetu iwe moja: kama hungekitia kwenye uji wa mtoto, usikitie kwenye bakuli lake la kuchezea. Chukua kidogo kilicho safi, au uchukue udongo, maganda na magunzi makavu. Usichukue kingi kilichooza.

Na hapa nina mchanganyiko wa sita, ambao naomba ufanywe katika kila kituo wakati wa mavuno, mbele ya wazazi. Chukueni chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Tieni punje za mahindi hadi theluthi moja. Ongezeni vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu. Kama chumvi imeshika unyevu, ianikeni kwanza kwenye jua. Fungeni, mtikise kwa dakika moja au mbili, kisha mwache chupa itulie kwa dakika 15. Sasa tazameni kuta za chupa. Chumvi ikiwa imeshika kwenye kioo, mahindi hayo yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na hayafai kuwekwa ghalani. Yarudi kwenye turubai juani. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yamekauka vizuri, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu inafaa yafike asilimia 13.5, na hapo mtu atafute kipima unyevu kwa afisa wa kilimo au kwenye ghala la ushirika.

Ona ilivyo. Mtoto amechanganya vitu viwili, ametikisa, amesubiri, ameona. Ni mchezo kama ule wa udongo na maji. Lakini jioni anafika nyumbani na kumwambia baba, "Baba, tutie chumvi kwenye chupa tuone kama mahindi yamekauka." Baba anayeanika mahindi barabarani huku akitazama mawingu atasikiliza. Hilo ndilo jibu kwa mzazi aliyeuliza kwa nini unga unachezewa. Vijiko vitatu vya chumvi vinaweza kuokoa gunia zima, na tumbo la kila aliye katika nyumba ile.

Usalama: mambo ambayo hatutayajadili

Yapo mambo ya kukubaliana na kuyashika, bila mjadala.

Kwanza, punje. Mahindi, maharagwe, karanga na mbegu za boga huingia puani, masikioni na kooni. Watoto wa chini ya miaka mitatu wasipewe kabisa. Wa chekechea wawe na mtu mzima mezani muda wote, na punje zihesabiwe kabla na baada. Haragwe likiingia sikioni au puani, msitie maji, kwa kuwa litavimba, wala msichokore kwa njiti. Mpelekeni mtoto hospitalini. Mtoto akisakamwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamisheni mbele na mumpige makofi matano mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja, huku mwingine akiita msaada. Tuwaombe wahudumu wetu wa afya watufundishe hili kwa vitendo, kila mwalimu ajaribu.

Pili, mbegu za kupanda. Zile mahindi za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu zina dawa. Rangi yake huvutia watoto, na rangi hiyo iliwekwa kama onyo. Zisiingie darasani, hata pakiti tupu. Vivyo hivyo mbegu za mbarika, na zile punje nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa kama shanga. Ni nzuri kwa macho lakini zina sumu kali. Majani na maua msiyoyajua yabaki nje.

Tatu, slaimu. Watoto wakubwa wameiona kwenye simu na sasa inauzwa madukani. Nyingi hutengenezwa kwa gundi na boraksi. Boraksi huwasha ngozi na ni hatari ikimezwa. Kwa chekechea, hapana. Tuna wanga wa viazi unaoshangaza kuliko slaimu.

Nne, mikono. Kibuyu chirizi na sabuni kabla ya mchezo na baada yake. Mwenye kidonda asiguse donge la chumvi, litamuuma. Mzazi aulizwe mapema kama mtoto wake hudhurika na ngano au karanga.

Tano, mwisho wa siku. Mchanganyiko wa wanga hauhifadhiwi hadi kesho, kwa sababu utachacha. Mwageni shambani, msimwage kwenye sinki wala mtaro, kwa kuwa utatulia na kuziba. Beseni lenye maji lisiachwe wazi penye watoto wadogo, hata kama maji ni ya kina cha mkono.

Tunachoombana

Wazazi wetu, sitawaomba unga. Naomba kila mmoja alete kile shamba lake linachotupa: magunzi, maganda makavu, chupa safi, shati kuukuu. Mwenye boga la ziada, karibu. Na naomba wazazi wawili kila wiki wakae kwenye meza ya kuchanganya pamoja na mwalimu. Mzazi aliyekaa hapo nusu saa akimsikiliza mtoto wake akibashiri na kubishana hatahitaji hotuba yangu.

Walimu, andikeni kwenye daftari kile kilichotumika na kile watoto walichosema. Si kwa ajili ya mkaguzi tu. Siku mzazi atakapouliza, fungua daftari umsomee maneno ya mtoto wake.

Wanakamati, sabuni na maji viwe vya kwanza kwenye orodha yenu ya matumizi, kabla ya rangi na picha za ukutani. Na mahindi ya uji wa watoto yapimwe kwa chupa ya chumvi yanapoletwa, hata kama yameletwa na mtu tunayemheshimu.

Mtoto atakayeingia Gredi ya Kwanza akiwa amezoea kusema "nadhani," kisha "nimeona," kisha "kumbe," atasoma sayansi bila woga. Nasi tutakuwa tumemfikisha hapo kwa vitu ambavyo tayari viko uani.

Nawatakia mavuno mema na makavu. Sasa tuingie kwenye maswali. Mwenye chupa na chumvi asogee mbele tuanze na mahindi ya hapa kituoni.